Je, ninunue Lotus Elise ya mwaka 2005 na kurudi nayo Tanga?

"Shikamoo fundi. Naishi Norwich, Uingereza, huu ni mwaka wa nane. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali. Nina miaka 44, mke na watoto wawili, na gari la familia tunalo. Tangu nihamie huku nimekuwa nikiyaona magari ya Lotus barabarani, maana kiwanda chao cha Hethel kiko jirani. Sasa nimepata Elise 111R ya mwaka 2005, nyekundu, imetembea maili 58,000, mwenyewe anataka pauni 25,500. Anasema iliwahi kuguswa kidogo mbele ikatengenezwa vizuri. Akiba yangu yote ya jambo hili ni pauni 31,000. Mwenzangu kazini anasema Lotus zote hukata gasketi ya hedi na nitajuta. Mke wangu anasema ni gari la plastiki, watu wawili tu, na si salama. Mimi nasema injini ni ya sisi 1800 tu, bodi haipati kutu, na baada ya miaka mitatu tukirudi Tanga nitalisafirisha niwe nalo uzeeni. Mgongo wangu nao si wa kijana tena. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba umeuliza maswali mawili ukayafunga fundo moja. Unauliza kama gari hili linafaa kununuliwa na mtu wa kipato chako huko uliko, na unauliza kama linafaa kuwa gari la kurudi nalo nyumbani. Swali la kwanza nakujibu ndiyo, kwa masharti. La pili nakujibu hapana. Nitakueleza sababu zote hatua kwa hatua, kwa kuwa wewe ni mtu wa vifaa na ukielewa kitu kinavyofanya kazi utaamua mwenyewe bila kunitegemea.

Tuanze na gasketi, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake. Mwenzako hakudanganya, ila amelitupia lawama gari lisilo lenyewe. Elise ya kwanza ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na injini ya Rover, ile inayoitwa K. Ni injini ya alumini, nyepesi sana, iliyojengwa kwa tabaka zilizobanwa pamoja na bolti ndefu zinazotoka juu kwenye hedi hadi chini kabisa. Maji yake ni machache. Ndani ya Elise injini iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo maji husafiri njia ndefu, na hewa ikiingia humo kuitoa ni kazi. Tatizo lenyewe lilikuwa mahali ilipowekwa thamostati, ile inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto: upande wa maji yanayoingia kwenye injini. Injini ikipata moto thamostati inafunguka, maji baridi yaliyokuwa yamelala mbele yanaingia kwa mkupuo kwenye chuma cha moto, thamostati inafunga, kisha inafunguka tena. Chuma kinatanuka na kusinyaa, hedi inasogea kidogo kidogo juu ya bloku, na ule mpira mwembamba kwenye gasketi unaachia. Baada ya hapo maji na oili vinakutana, unafungua kifuniko cha oili unakuta uji mweupe. Wengi walikuja kuweka gasketi ya chuma ya tabaka nyingi na kuhamisha thamostati, na injini hizo leo zinatembea vizuri.

Lakini 111R haina injini hiyo. Kuanzia mwaka 2004 Lotus waliweka kwenye 111R injini ya Toyota, 2ZZ-GE, ambayo hedi yake ilibuniwa kwa kushirikiana na Yamaha. Ni ndugu wa damu wa 1ZZ, na 1ZZ wewe umekua nayo: ndiyo iliyokuwa kwenye Toyota Wish, Allion na Premio za sisi 1800 zilizojaa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Fundi yeyote makini wa Toyota akiinama kuitazama ataitambua. Kwa hiyo hofu ya gasketi iondoe kichwani kwa gari hili.

Hilo halimaanishi kwamba 2ZZ haina ugonjwa wake. Kamshafti zake, zile zinazozunguka na kufungua vali, zina nundu za aina mbili. Kwenye mwendo wa kawaida inatumia nundu fupi, na ukifika karibu na mizunguko 6,200 kwa dakika, presha ya oili inasukuma pini ndogo na injini inahamia kwenye nundu ndefu, vali zinafunguka zaidi, sauti inabadilika ghafla na gari linaruka. Watu hulipenda gari hili kwa sababu ya sekunde ile. Ila kila kitu pale kinategemea oili. Mwenye gari akizoea kuivuta injini ikiwa bado baridi, au akiacha oili ishuke, zile nundu ndefu zinalika. Na mtu akikosea gia, akataka ya nne ikaingia ya pili, injini inazungushwa kupita uwezo wake na gia ya pampu ya oili inaweza kupasuka. Injini ya namna hiyo haitakupa muda wa kuegesha pembeni. Itanoki.

Bahati nzuri, kompyuta ya gari hili inatunza kumbukumbu. Inaandika injini imekaa saa ngapi kwenye kila daraja la mzunguko, na mizunguko ya juu kabisa iliyowahi kufika. Mtaalamu wa Lotus akichomeka kifaa chake atakusomea yote hayo kama daftari la kliniki. Gari lenye saa nyingi za mzunguko wa juu si lazima liwe bovu, kwa maana limetengenezwa kukimbia. Lakini ukikuta limewahi kupita mizunguko 9,000, wakati lenyewe hukata mafuta karibu na 8,500, ujue mtu alikosea gia, na hapo bei inapaswa kushuka au uondoke.

Sasa nije kwenye neno lako la "sisi 1800 tu", kwa maana hapo ndipo nilipopata wasiwasi zaidi kuliko kwenye gasketi. Umeipima injini ukasahau kupima mzigo inaoubeba. 111R ina uzito wa kilo 860 hivi na nguvu ya farasi 189. Ukigawanya, kila tani inapata farasi kama 220. Chukua Crown Athlete ya sisi 2500, gari ambalo kijana wa Dar analiogopa na kulitamani: farasi 215, lakini uzito wake unakaribia kilo 1,600, kwa hiyo kila tani inapata farasi kama 134. Hiyo Elise ya sisi 1800 inaiacha Crown mbali sana. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa inachukua takribani sekunde 5.

Ndiyo imani aliyoijenga Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus aliyefariki mwaka 1982: badala ya kuongeza nguvu, punguza uzito, kwa sababu nguvu itakusaidia kwenye barabara iliyonyooka pekee, ilhali wepesi unakusaidia kila mahali. Fikiria mtu aliyebeba gunia la mahindi na mwingine aliye mikono mitupu. Wote wawili wanaweza kukimbia, lakini mwambie mwenye gunia asimame ghafla au akate kona. Gari jepesi linasimama karibu, linakata kona bila kulalia upande, linakula mafuta kidogo, na breki na tairi zake hudumu. Ndiyo sababu Elise haihitaji msaada wa nguvu kwenye usukani. Unaushika, na kila kokoto barabarani inakufikia mikononi. Nimeendesha magari mengi katika kazi hii, na hakuna lililowahi kunifundisha barabara kama hili.

Wepesi huohuo una upande mwingine. Tairi hupata joto kwa kubebeshwa mzigo. Gari la kilo 860 haliwezi kuzikandamiza tairi zake kama gari la tani moja na nusu, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya huko mkoani kwenu Norfolk, kukiwa na mvua, tairi za aina ya michezo zinabaki ngumu kwa muda mrefu na kushika kwake ni kudogo. Ongeza hapo kwamba injini iko katikati, nyuma ya mgongo wako. Uzito ulio katikati unafanya gari ligeuke upesi. Ukiwa katikati ya kona ukashtuka, ukaachia mafuta kwa ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mzigo na kuachia lami, na nyuma inakuja mbele kabla hujajua kimetokea nini. Dereva aliyezoea gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele ameshajifunza kwamba ukiona hatari unaachia mafuta, na hapa tabia hiyo inaweza kumtupa mtaroni. Siku moja ya mafunzo na mwalimu kwenye uwanja uliofungwa, na uwanja wa Snetterton hauko mbali nawe, ina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua kwa ajili ya gari hili.

Mkeo amesema ni gari la plastiki. Amesema kweli nusu. Bodi ni fibaglasi, lakini bodi si kitu kinachokulinda. Chini yake kuna beseni la alumini: mihimili iliyotengenezwa kwa kusukuma alumini kwenye umbo, kama madirisha ya kisasa yanavyotengenezwa, kisha ikaunganishwa kwa gundi ya epoksi na skrubu chache za kuzuia gundi isianze kubanduka pembeni. Chesisi hiyo ya Elise ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 68 tu. Mimi kijana ningeweza kuibeba na mwenzangu mmoja. Ni ngumu ajabu, na haikulegea kwa miaka hii yote. Kwa hiyo mwambie shemeji yangu kwamba unakaa ndani ya beseni imara la alumini. Hata hivyo asikubali umdanganye: gari hili la miaka ishirini iliyopita ni la kimo cha mita 1.1 na kidogo, dereva wa lori hakuoni kwenye kioo chake, na halina kinga zote za gari jipya la familia. Watoto hawataingia humo, na hiyo ni sawa kwa kuwa gari la watoto mnalo.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kitako, kwa sababu ya yale maneno ya mwenye gari: "iliguswa kidogo mbele".

Kwenye gari la kawaida, kuguswa kidogo mbele ni bampa, taa, labda boneti. Kwenye Elise, mbele yote ni ganda moja la fibaglasi, na nyuma yote ni ganda lingine. Hakuna bampa ya kufungua na kubadili peke yake. Fibaglasi haibonyei. Hupasuka ufa kama utando wa buibui, na ukipaka rangi juu bila kuliondoa tabaka lililopasuka, ufa unarudi baada ya miezi. Kulitoa ganda la mbele, kulirekebisha, kulipaka na kulirudisha likae sawasawa ni kazi ya siku nyingi, na ganda jipya pamoja na rangi na ufundi ni maelfu ya pauni. Nyuma ya ganda hilo kuna sanduku la fibaglasi la kunyonya pigo, ambalo pia ndilo linaloshikilia rejeta. Niliwahi kupokea gari lililogongwa kwenye maegesho ya duka, mwendo wa mtu kutembea. Nje palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Tulipolitoa ganda tukakuta lile sanduku limepasuka na rejeta imekaa upande. Mwenyewe alikuwa amelinunua wiki tatu kabla, kwa bei ya gari zima.

Na pigo likifika kwenye chesisi yenyewe, mambo yanabadilika kabisa. Alumini ile imepewa ugumu wake kwa joto la kiwandani, na gundi ile inaogopa moto. Ukileta mashine ya kuchomelea, unaua vyote viwili: chuma kinakuwa laini kuzunguka mahali ulipochoma na gundi inapoteza nguvu. Haivutwi kwa mnyororo ikanyooka kama chesisi ya Land Cruiser. Jibu la kiwanda kwa chesisi iliyopinda ni kuibadili nzima. Ndiyo sababu makampuni ya bima ya Uingereza huandika hasara, yaani huamua hayafai gharama ya kutengenezwa, magari mengi ya aina hii kwa ajali ambayo gari jingine lingetengenezwa kwa wiki moja.

Kwa hiyo usilipe hata pauni moja ya kishika nafasi kabla hujajua mambo mawili. Fanya uchunguzi wa historia ya gari kwa kulipia, uone kama liliwahi kuandikwa hasara na bima. Gari lililoandikwa hasara hupewa herufi: tangu Oktoba 2017 ni S kwa madhara ya muundo na N kwa yasiyogusa muundo. Kabla ya hapo zilitumika C na D. Uchunguzi huohuo utakuonyesha kama gari lina deni la mkopo wa mtu mwingine. Pili, ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, weka namba ya gari, na usome ripoti zake za MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, za miaka iliyopita. Ni bure. Utaona maili zilivyopanda mwaka hadi mwaka, na utaona yale maonyo madogo ambayo muuzaji hayakumbuki: mkono wa saspensheni wenye kutu, bomba la breki, tairi zilizolika upande mmoja. Tairi iliyolika upande mmoja baada ya "kuguswa kidogo" ingenipa mashaka makubwa. Mwombe pia picha za wakati wa matengenezo na risiti ya aliyepaka. Mtu aliyetengeneza vizuri huzitunza.

Umesema bodi haipati kutu. Fibaglasi haipati, ni kweli. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini huliwa, hasa pale inapogusana na chuma cha kawaida kukiwa na chumvi. Utaona unga mweupe. Uingereza humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, na fremu ndogo ya nyuma inayobeba saspensheni ni ya chuma, mikono ya saspensheni ni ya chuma. Nyanyua kapeti uone kama maji yamekuwa yakituama sakafuni, kwa kuwa paa la kitambaa la gari hili huvuja. Angalia viungo vya nyuma vinavyoshika uelekeo wa gurudumu, maana vya asili vina udhaifu kwa magari yaliyotumika uwanjani, na kikikatika kimoja gurudumu la nyuma linajigeuza lenyewe. Wamiliki wengi wameshaweka vile vilivyoimarishwa. Angalia na mabomba ya oili yanayokwenda mbele kwenye vipoza: viungio vyake vikivuja, oili inashuka, na umeshajua oili ni nini kwa injini hii.

Fedha. Akiba yako ni 31,000 na bei ni 25,500. Zinabaki 5,500. Toa bima, toa ukaguzi, toa seti ya tairi na oili, na hapo hujagusa lolote la dharura. Sitaki ulinunue gari hili kwa hesabu hiyo kama ndani yake kuna swali la ganda la mbele. Kama historia ni safi na mtaalamu amelipitisha, jadiliana bei, na hakikisha unabaki na angalau pauni 6,000 za pembeni zisizoguswa na sherehe wala karo. Kama muuzaji hashuki, muda unao. Elise zaidi ya 35,000 zilitengenezwa hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2021, na nyingi zimebaki hukohuko ulipo. Unaponunua bima, tafuta ile ambayo wewe na kampuni mnakubaliana thamani ya gari mapema kwa maandishi, la sivyo siku ya ajali utalipwa bei ya wastani ya soko na utashindwa kununua jingine.

Sasa Tanga. Najua picha uliyonayo, kwa maana na mimi ni mtu wa hukohuko: jioni, barabara ya Raskazone, bahari kulia, paa limefunguliwa. Naielewa kabisa. Lakini gari lazima lifike huko kwanza, na kati ya bandari na Raskazone kuna matuta. Elise iko chini sana na pua yake imetokeza mbele ya magurudumu. Tuta moja la kijijini lililojengwa kwa udongo na lami na wananchi wenyewe linatosha kulipasua lile ganda ambalo nimekueleza gharama yake, na safari hii hakuna ganda jingine mjini. Chini yake kuna mabamba ya alumini yanayokwangua. Fundi wa tairi akiweka jeki mahali popote, kama alivyozoea, anaibonyeza chesisi. Ina sehemu zake maalumu za kunyanyulia. Tairi zenyewe ni 175/55 inchi 16 mbele na 225/45 inchi 17 nyuma, na ile ya mbele nimeitafuta madukani nyumbani bila mafanikio. Injini utaipatia spea za Toyota. Vilivyobaki, kuanzia kioo cha mbele hadi bawaba ya mlango, utaviagiza Uingereza na kusubiri meli au kulipia ndege.

Kuna ushuru pia. Gari la miaka zaidi ya ishirini likiingia Tanzania linatozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na juu yake tozo ya uchakavu kwa sababu ya umri wake. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa nafuu mkazi anayerudi kuhamia nyumbani, kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa angalau miezi 12. Nafuu hiyo unayo mara moja. Itumie kwa gari litakalopeleka watoto shule na kumpeleka mama hospitali Bombo, usiimalize kwa gari la viti viwili. Waulize TRA kwa maandishi mapema, kabla ya kufunga mizigo. Na msomaji wa Kenya anayefuatilia mazungumzo haya ajue kwamba kwake mlango umefungwa zaidi: magari yaliyotumika hayapokelewi yakizidi miaka 8, kwa hiyo Elise ya 2005 haiingii kabisa.

Kama unataka kwa moyo wote gari dogo la wazi la kuzeeka nalo Tanga, usilitafute Hethel. Tafuta Toyota MR-S, ambayo huko Uingereza wanaiita MR2. Ina injini katikati kama Elise, uzito wake ni karibu tani moja, na injini yake ni 1ZZ yenyewe. Chukua iliyotengenezwa miaka ya mwisho kabla ya 2007, kwa kuwa 1ZZ za mwanzo zilikuwa na pistoni zinazokula oili. Au Mazda MX-5, ambayo ina injini mbele na inamsamehe dereva makosa mengi. Hizi zina bodi ya bati. Zikigongwa, fundi wa Ngamiani anazinyoosha. Hazitakupa kile ambacho Elise inakupa, na sitakudanganya kwamba zinakaribia. Ila zitatembea.

Ushauri wangu basi ni huu: inunue Elise kwa ajili ya miaka hii mitatu ya Norfolk. Uko dakika chache kutoka mahali ilipozaliwa, mafundi wanaoijua kwa kugusa wako jirani, barabara ndogo za vijijini zilizopinda ndizo zilizoifinyanga. Iendeshe. Itunze kumbukumbu zake zote. Mwaka wa kurudi, iuze hukohuko. Gari hili likitunzwa halishuki bei kama gari la kawaida, na fedha yako kubwa utarudi nayo.

Kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. La kwanza ni ukaguzi. Mlipe mtaalamu huru wa Lotus, asiye rafiki wa muuzaji, alipandishe gari kwenye mashine, afungue mabamba ya chini, aikague chesisi kwa tochi kuanzia mbele lilipo lile sanduku la pigo, asome ile kumbukumbu ya kompyuta, na akuandikie ripoti. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe, aga na uende zako. La pili ni mgongo wako. Ukingo wa mlango wa Elise ni mpana na mrefu, na paa likiwa limefungwa unaingia kwa kukunja goti, kupitisha kichwa na kujiachia kitini. Kiti chenyewe hakina mto wa kutosha. Mwombe muuzaji uingie na kutoka mara kumi, paa likiwa limefungwa, kisha ukae ndani dakika arobaini. Kama tayari una maumivu yanayoshuka mguuni au ganzi, mwone daktari au mtaalamu wa viungo kwanza umweleze unachotaka kufanya, kwa kuwa gari hili halitakuonea huruma.

Nenda na mkeo siku hiyo, naye aingie na kutoka. Kiti cha pili ni chake.